Ukuta Uliokataa Tisini

Ukichora kwenye Revit, kishale hakitembei kivyake. Kikikaribia ncha ya mstari, kinarukia ncha. Kikikaribia katikati, kinarukia katikati. Ukivuta mstari ulioinama kidogo tu, programu inaunyoosha na kukuandikia nyuzi 90, kama shangazi anayekurekebisha kola mlangoni pa harusi. Wasee wa kuchora huiita snapu. Mimi nasema kunasa.

Kwa nyumba mpya, kunasa ni baraka. Ukichora sakafu, Revit inataka mistari ifunge mzunguko. Acha mwanya mdogo kwenye kona uone kama itakubali kumaliza. Bila kunasa ncha kwa ncha, ungekesha ukitafuta milimita mbili. Shida huanza ukichora kitu ambacho tayari kipo.

Mimi huandika, lakini makala zikichelewa kulipa, huchora. Nilisoma usanifu majengo hadi mwaka wa tatu, karo ikakatika, nikatoka. Kuchora hakukutoka nami. Ndivyo nilivyopata kibarua Mji wa Kale, Mombasa. Mama mmoja na kaka yake walikuwa wanagawana nyumba ya marehemu baba yao. Ukuta mmoja ndio mpaka: huku chumba cha dada, kule cha kaka. Walitaka mchoro wa kuweka mezani familia ikikaa kuzungumza, kabla ya mambo kufika mbali.

Nyumba za zamani za pale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikashikwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, maana haivuki pengo refu kuliko yenyewe. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Nilipima chumba cha dada. Upande wa mlango, mita 2.71. Upande wa dirisha, 2.58. Urefu, 4.20. Nikapima na mishazari, kwa sababu pande nne peke yake hazisemi kama chumba kimenyooka. Mshazari ndio hutoboa siri.

Ukuta wa mpaka ulikuwa umeinama karibu nyuzi 1.8. Kwa macho huoni kitu.

Revit nayo haikutaka kusikia. Kwa mipangilio yake ya kawaida, pembe hunasa kwa hatua za nyuzi 90, 45, 15, 5 na 1. Ukitazama mchoro kwa mbali, hatua ni kubwa. Ukisogea karibu, zinapungua. Hata puani kabisa ingenipa 88, na ukuta wangu ulitaka 88.2. Ningekubali ile 90, dada angeongezewa sentimita 13 upande wa dirisha, pembetatu ya zaidi kidogo ya robo mita mraba. Kwenye skrini si kitu. Kwa ndugu wawili wanaosalimiana kwa shida, hiyo ni kesi.

Kwa hivyo kunasa lazima ukuongoze, si kukuendesha. Katikati ya kuchora, bonyeza S kisha O: kunasa kunazimika kwa mbofyo huo mmoja, halafu kunarudi. S na E, kinanasa ncha tu. Kuzima kabisa kunafanywa kwenye dirisha la mipangilio, ila sikushauri, kona zitakuachia mianya.

Nilichofanya ni hivi. Kutoka kona mbili za upande wa mlango, nilichora duara mbili: moja yenye nusu kipenyo sawa na urefu wa ukuta, nyingine sawa na mshazari. Zilipokatana ndipo kona ya dirishani ilipo. Nikabonyeza S na I, kishale kikanasa makutano. Kunasa ni kulekule, lakini sasa kulifuata utepe wangu wa kupimia, si mazoea ya programu.

Mama alipigia simu jioni. "Mwanangu, mbona huu ukuta umeuchora mshazari?"

"Mama, sijaupinda mimi. Uko hivyo."

Kimya. Kisha nikasikia kaka yake nyuma akiuliza utepe uko wapi. Walipima wenyewe, wao wawili, mmoja akishika huku na mwingine kule. Namba zikalingana. Sijui walivyomalizana baadaye, lakini hapo hakuna aliyebisha.

Watu huniuliza, "Na chuo utarudi lini?" Wanauliza kwa upendo, na huenda nitarudi. Lakini nasikia kishale kikirukia 90: mtu wa miaka yangu anafaa awe pale, kwa pembe ile. Sibishani nao sana. Ninachowaomba ni kile nilichokifanyia ule ukuta. Pima kwanza mahali nilipo, mishazari pia, kisha ndio uchore.