Kijiti Kisichoteketea

Nyumbani kwetu ni Kidahwe, katika njia itokayo Kigoma kwenda Kasulu. Mtu aliyelelewa huko hujifunza mapema kwamba moto una tabia zaidi ya moja. Wakati wa kiangazi vilima huchomwa, na usiku huonekana mistari ya moto ikipanda polepole. Kunapokucha hubaki weusi mtupu. Moto huo hula. Lakini mwaloni Kibirizi na Ujiji nilikuta moto wa namna nyingine. Katika usiku usio na mwezi wavuvi huwasha taa juu ya maji ili dagaa wakusanyike. Hapo kale ziliwaka kuni katika mitumbwi, zikafuata karabai, na leo ni taa za betri. Moto huo hauli kitu, huita.

Tofauti hiyo imo katika Maandiko pia. Musa alikuwa mtoro aliyeua mtu Misri, akichunga kondoo wa mkwewe karibu na mlima Horebu, alipoona mti unaowaka. Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, waliuita mti huo kijiti. Wanafunzi wangu hucheka kidogo wakikuta neno hilo, maana kwao kijiti ni kipande cha mti kisicho na thamani. Mimi nalipenda kwa sababu hiyo hiyo. Haukuwa mvule wala mbuyu. Kilichowaka ni kitu ambacho mpishi angekivunja kwa mkono mmoja na kukisukumia mafigani.

Tena lugha yetu ina vitenzi vya kutusaidia. Kuwaka ni kutoa mwali; kuungua ni kupatwa na madhara ya moto; kuteketea ni kwisha. Kwa kawaida cha kwanza huleta cha pili, na cha pili huleta cha tatu. Ajabu aliyoiona Musa ni kuwaka kusikofikia kuteketea. Nayo sauti haikumwita mpaka alipogeuka kwenda kutazama. Siku ya Pentekoste pia ndimi za moto ziliwakalia watu vichwani, wala hakuna aliyeungua.

Walakini si kila aitwaye huona moto. Eliya alikuwa ameushusha moto juu ya Karmeli mbele ya umati, lakini alipofika Horebu, mlima ule ule wa Musa, moto ulipita na Mungu hakuwamo ndani yake. Baadaye ikaja sauti ndogo, ya utulivu.

Laiti ningaliitafakari habari hiyo nilipokuwa kijana! Mama yangu alikuwa ameweka nadhiri kwamba mwanawe mmoja atamtumikia Mungu, na mwana huyo nilikuwa mimi. Nikapelekwa seminari. Wenzangu walisimulia joto walilolisikia mioyoni mwao. Mimi nilijichunguza usiku baada ya usiku, nikakuta baridi. Katika mwaka wa pili nikaona kwamba kubaki ni udanganyifu, nikarudi Kidahwe. Nilimweleza Mama jikoni, nikiutazama moto ili nisimtazame yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea ugali wa muhogo, akasema, "Haya, baba. Kula." Kwa zaidi ya miaka ishirini hakulitaja tena jambo hilo, na ukimya wake ulinilemea kuliko lawama.

Kiangazi kilichopita nilikwenda kumsalimu. Alikuwa ameshinda akichemsha chikichi za mawese. Usiku aliyakusanya makaa, akayafunika kwa majivu, kama afanyavyo tangu utoto wangu.

"Mama, kiberiti si kipo?"

"Kipo, baba. Lakini moto huu bado mzima. Kwa nini niuache ufe?"

Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Huko chuoni, watoto wanakusikiliza?"

"Baadhi yao."

"Na mwenye shida akikubishia hodi usiku, unaitika?"

Nilimkumbuka kijana mmoja aliyefika mlangoni pangu na mizigo yake, amefiwa na baba, ameazimia kuacha masomo. Tulizungumza mpaka alfajiri, naye akabaki.

"Naitika, Mama."

"Basi," akasema, akaenda kulala.

Mimi sikulala upesi. Nilikumbuka kwamba neno la Kiyunani lenye maana ya moto wa makaa limo mara mbili tu katika Agano Jipya, na zote mbili katika Injili ya Yohana. Penye makaa ya kwanza Petro aliota moto na kumkana bwana wake. Penye makaa ya pili, ufukoni mwa ziwa, kulipokucha baada ya usiku wa kuvua, alikuta samaki na mkate tayari. Alilishwa kwanza, ndipo akaulizwa mara tatu kama anapenda, akakabidhiwa kondoo. Hakuulizwa kwa nini alikana.

Nami nilikuwa nimelishwa jikoni mle mle, siku ile ile niliyoogopa kufukuzwa. Kama nadhiri ya Mama ilitimia au haikutimia, siwezi kuamua. Alfajiri aliyafukua majivu, akapuliza mara mbili, tatu; mwali ukainuka, akateleka maji ya chai.