Valcourt, Mji wa Gari la Theluji

Ukifika Québec, Kanada, wenyeji watakuambia uende Montréal ukale, ununue, upige picha. Sawa. Mimi na mwenzangu tulichagua Valcourt, mji mdogo alikoanzia Joseph-Armand Bombardier. Majira ya baridi ya 1934 mwanawe mdogo, Yvon, aliugua ghafla. Theluji ilikuwa imeziba barabara, hospitali haikufikika, mtoto akafariki. Mwaka 1937 baba yake alipata hataza ya gurudumu lenye meno linalovuta mikanda ya mpira yenye vyuma vya kukingama.

Kwenye banda moja tuliwakuta mume na mke wastaafu wamelipiga jeki gari lao la B12, lile la watu 12 lenye vidirisha vya duara. Mikanda ilikuwa hoi: mpira umepasuka, matundu ya boliti yamepanuka, vyuma vinacheza. Kazi yenyewe inataka subira, jamani! Unafungua nati moja moja zilizoshikwa na kutu, kisha unatoboa mikanda mipya. Ya zamani huwezi kuifanya kipimo kwa sababu imeshavutika. Vyuma vikikosa nafasi yake kidogo tu, meno ya gurudumu hayashiki vizuri.

Mama ndiye anayepima. Mzee anatoboa, futi kamba haruhusiwi kuigusa!

Kwa Kifaransa changu cha kuombea maji nikauliza kwa nini wasiliuze tu. Mama akasema mama yake alipelekwa kujifungua ndani ya gari kama hili, yeye akiwa tumboni. Halafu akamgeukia mzee: upande wa kulia bado.