Masukulu, na Wiki Sita za Paka Aliyevunjika Nyonga



Baadhi ya wazazi wameniomba niandike habari za safari yangu ya Masukulu, katika wilaya ya Rungwe. Nimekubali, lakini nimeona haifai kuieleza nusu. Desturi ya msafiri ni kutaja mazuri aliyoyaona na kuyafunika mabaya aliyoyatenda. Mimi katika safari hii nilitenda kosa, tena mbele ya watoto niliokwenda kuwafundisha, na mambo niliyojifunza huko nimejifunza kwa sababu ya kosa hilo. Basi nitayaeleza yote mawili.

Safari yangu ilianza Mbeya, mwezi wa Aprili. Kutoka Uyole gari hushika njia ya kusini, ile iendayo Kyela na mpaka wa Malawi. Hupanda kwenye baridi ya Isyonje, kisha hupita Kiwira mpaka Tukuyu. Kwa mkono wa kushoto msafiri huuona Mlima Rungwe, ambao kimo chake chakaribia mita 3,000, na mara nyingi kilele chake kimefunikwa na wingu. Tukuyu ndio mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, wakaufanya makao ya utawala wao. Nchi ile hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa hiyo kila utupapo jicho ni kijani kitupu: mashamba ya chai, migomba, kahawa, na matete yanayopandwa kwa ajili ya ng'ombe.

Kutoka Tukuyu tulishika njia ya Masoko. Hapo pana ziwa la mviringo, ambalo wenyeji huliita Kisiba. Limekaa ndani ya shimo lililofanywa na mripuko wa volkano zama za kale, na kando yake Wajerumani walijenga boma. Tukaendelea kuteremka, na kadiri tulivyoshuka ndivyo baridi ya Tukuyu ilivyotuacha, hata tukafika Masukulu. Waislamu wa upande ule ni wachache. Wamishionari wa Moravian walifika Rungwe tangu mwaka 1891, na wenyeji wengi ni Wakristo. Lakini nilipokelewa na majirani wa dini zote kwa maamkizi yao ya "Ugonile", nami nikafundishwa kushukuru kwa "Ndaga", na neno hilo nililitumia kila siku.

Nilifikia kwa mzee mmoja Mwislamu, mfugaji. Nyumbani kwake alikuwapo mkewe, na mjukuu wao wa kike mwenye umri wa miaka tisa, na ng'ombe wawili wa maziwa, na paka mmoja wa rangi ya kijivu. Jina lake lilikuwa Kijivu. Kila jioni baada ya alasiri, watoto kumi na wawili walikuja kusoma barazani, na Kijivu alikuja pia, akalala katikati ya misahafu na mbao zao kama mwanafunzi wa kumi na tatu.

Sasa naja kwenye kosa langu. Usiku mmoja wa mvua kubwa niliamka ili nisali. Nikamkuta Kijivu amelala juu ya msala wangu. Nilikuwa na usingizi na baridi, nikaghadhibika, nikamnyanyua kwa shingo, nikamtupa nje, nikafunga mlango. Akalia mlangoni kitambo, kisha akanyamaza. Nami nikasali.

Wasomaji wangu, nilikuwa naijua Hadithi ya Abu Qatada, R.A., aliyekiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, kisha akaeleza kuwa Mtume, S.A.W., amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani mwetu. Nilikwisha wasomesha watoto Hadithi hiyo mara nyingi. Elimu ilikuwamo kichwani, lakini usiku ule haikushuka mkononi.

Alfajiri tulisikia kelele barabarani. Pikipiki ilikuwa imemgonga Kijivu. Nilimkuta ametandazika katika matope, miguu ya nyuma imelala upande, macho yamemtoka. Nikamwinua kwa mikono mitupu, akaniuma kidole mpaka damu ikatoka. Kumbe mnyama mwenye maumivu makali humwuma hata ampendaye, sembuse aliyemtupa nje. Yapasa kumfunika kwanza kwa kitambaa kinene, kisha kumsogeza taratibu juu ya ubao au sinia pana, ili mifupa isizidi kuachana.

Mwenyeji wangu aliposikia kuwa nimeumwa hakunipa nafasi ya kusema si kitu. Alinisimamisha penye maji, nikakiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha akanipeleka hospitali siku ile ile nikaanze sindano za kinga ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huletwa na paka vilevile, na dalili zake zikishamtokea mtu, ni nadra sana apone. Wazazi, msilipuuze jambo hili hata kama mnyama ni wa nyumbani.

Tuliporudi, majirani wawili walikuwa wamekusanyika. Mmoja akasema kwa huruma, "Maalim, mnyama huyu amekwisha, heri apigwe rungu apumzike." Nami nakiri mbele yenu kuwa neno lile lilinifurahisha. Nilisema moyoni kuwa ni rehema, lakini ukweli ni kwamba nilitaka nisimwone tena. Hapo yule mjukuu akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo Maalim. Yule mwanamke uliyetufundisha, aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa, akaadhibiwa, yeye alimfungia ndani. Na anayemfungia nje, hukumu yake ni nini?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa amesikia mlango ukifungwa usiku ule.

Basi nikamwambia mwenyeji wangu, "Mzee, tumwite mwenye ujuzi, na atakalosema tulifuate." Rungwe ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na bwana mifugo hupita vijijini kwa pikipiki. Alikuja mchana. Kwanza alitazama pumzi yake, na rangi ya ufizi kama umepauka kwa kuvuja damu ndani. Kisha akambana kidole cha mguu wa nyuma. Kijivu akageuza kichwa akalia, na mkia ukatikisika. Bwana mifugo akasema, "Alhamdulillahi, kama msemavyo ninyi. Mishipa ya mgongo ni mizima. Kilichovunjika ni nyonga. Kama asingesikia maumivu kabisa ningewashauri nimlaze usingizi wa kufa, maana hiyo ingekuwa rehema ya kweli. Lakini huyu ana njia ya kupona."

Akaeleza kuwa lau tungekuwa karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, angetaka apigwe picha ya mifupa. Lakini toka Masukulu mpaka Morogoro ni safari ya kiasi cha kilomita 700, na kumtikisa paka huyo njia nzima kungemzidishia. Mfupa wa nyonga haufungiki kwa vijiti kama wa mkono. Nyama zinazouzunguka ndizo zinazoushika, na mara nyingi ukiachwa utulie hujiunga wenyewe. Dawa yake ni kumzuia paka asiruke wala asikimbie muda wa wiki sita. Akampiga sindano ya kutuliza maumivu kwa kipimo cha uzito wake, akatuonya kwa ukali: tusimpe paka kidonge cha binadamu. Paracetamol, ambayo sisi twaimeza kwa kichwa kidogo tu, humwua paka, hata kipande kimoja.

Wiki sita! Mimi nilikusudia kukaa Masukulu wiki tatu. Nikaandika barua nyumbani kuwa nitachelewa.

Mwenyeji wangu akaleta tenga kubwa la kuku, akalitandika gunia na kanga kuukuu juu yake. Na hapa ndipo nilipoona faida ya kukaa na wafugaji. Watu wale humweka ng'ombe wa maziwa bandani, wakamkatia majani asubuhi na jioni, wakamletea maji, wakamwondolea samadi, siku zote za mwaka, mvua na jua. Kwao, kumhudumia mnyama asiyetoka si jambo la ajabu. Mimi nilidhani huruma ni hali ya moyo kulainika. Wao waliihesabu ni zamu. Mzee akaigawa kazi pale pale: mkewe chakula, mjukuu maji, na mimi uchafu. Sikubisha.

Kazi yangu ikawa hii. Kila asubuhi na jioni niliondoa maranda ya mbao yaliyolowa nikaweka makavu, nikampangusa Kijivu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, maana alikuwa hawezi kujilamba nyuma, na mkojo ukikaa juu ya ngozi huichoma. Nikamgeuza ubavu mara kadhaa kwa siku asipate vidonda vya kulalia. Na zaidi ya yote, nilitazama kama amekojoa. Bwana mifugo alisema kuwa paka aliyeumia nyonga au mkia huenda kibofu kikaziba, na siku nzima ikipita bila mkojo ni hatari, aitwe mara moja. Siku ya kwanza hakukojoa mpaka baada ya isha. Nilipoyaona maranda yamelowa nilisema Alhamdulillahi kwa sauti, hata watoto wakacheka.

Chakula kilitupa taabu zaidi. Siku mbili alikataa kila kitu. Mama wa nyumba akamletea maziwa, na nchi ile haina uhaba wa maziwa, akayalamba kidogo, kisha akaharisha. Ndipo tulipoambiwa kuwa paka wengi wakisha kua hawayawezi maziwa ya ng'ombe. Tena tukaambiwa kuwa paka asiyekula siku tatu huanza kuugua ini, basi tusimwache kwa kusema atakula akitaka. Yule mama akanunua usipa wa Ziwa Nyasa, akauchemsha bila chumvi, bila pilipili wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwake. Akaupondaponda na mchuzi wake ungali vuguvugu, mjukuu akautia kwenye ncha ya kidole, akamsogezea puani. Harufu ikamwamsha. Akalamba kidole, akalamba tena. Yule mtoto akaniangalia bila ya kusema neno, na machozi yakamtoka.

Usiku ule nilimwita, nikamwambia, "Binti yangu, mimi ndiye niliyemfungia nje. Naomba uniwie radhi." Akajibu, "Nimekusamehe, Maalim. Lakini na Kijivu je?" Nikamwambia kuwa Kijivu hawezi kusema, na kwa hiyo deni lake ni zito zaidi, hulipwa kwa kazi tu.

Wiki ya tatu paka alianza kupata nafuu, na nafuu ndiyo iliyokuwa mtihani. Alitaka kutoka. Alilia usiku, akakwaruza tenga, na kila mtu akamwonea huruma. Wakati huohuo panya waliingia ghalani wakatoboa magunia mawili ya mahindi, na tukaifahamu vizuri ile methali, paka akiondoka panya hutawala. Jirani akasema, "Mfungueni, si anasimama?" Hata mimi moyo ulilegea. Mzee akakataa. Akasema, "Mfupa haujui kuwa umemwonea huruma." Akalifunga tenga kwa kamba ya pili.

Wiki sita zilipotimia bwana mifugo alikuja, akamshika, akamkunja mguu na kumnyoosha, akasema afunguliwe ndani ya chumba kimoja kwanza. Kijivu alitoka, akasimama, akajinyoosha, akatembea kwa kuchechemea mpaka barazani walipokuwa watoto. Mguu mmoja umebaki mfupi kidogo, wala hataruka juu ya dari tena. Lakini kabla sijaondoka tulimwona ameketi mbele ya ghala asubuhi, na chini ya mkono wake kuna panya. Na usiku wa mwisho nilipoamka kusali nilimkuta juu ya msala wangu. Nikausali upande uliobaki.

Vijana wetu, wengi husimuliana kuwa Mtume, S.A.W., alikata mkono wa kanzu yake asimwamshe paka aliyelala. Ni kisa kizuri, lakini hatukioni katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, wala hatuna haja nacho. Yatutosha aliyoyathibitisha: kwamba kila kiumbe chenye uhai kina ujira kwa mwenye kukitendea wema, na kwamba mtu aliadhibiwa kwa ajili ya paka. Na swahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote, watu wanamwita kwa jina la kipaka chake, Abu Huraira.

Jambo nililolipata Masukulu ni dogo, nalo nawaachia. Kumwonea mnyama huruma siku ya ajali si kazi, kila mtu aliyekuwapo barabarani alimwonea Kijivu huruma. Kazi ni siku ya ishirini, wakati uchafu unanuka, na wageni wamekwisha ondoka, na paka mwenyewe anakukwaruza. Aliye na mnyama nyumbani, basi na ajue zamu yake. Na aliye na mlango, na atazame nani yuko nje kabla hajaufunga.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa ghadhabu, na awalipe kheri watu wa Masukulu. Amin. Ndaga.