Mtandao Unapokuwa Mzito

Katika mambo yaliyotutaabisha sisi walimu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mojawapo ni uzito wa intaneti iliyopitia waya wa simu. Wasomaji vijana huenda hawaijui, kwa hiyo yafaa tueleze. Kompyuta iliungwa na chombo kiitwacho modemu. Chombo hiki kilipiga simu kama mtu apigavyo, kikageuza maandishi kuwa sauti. Sauti ikapita katika waya, na modemu ya upande wa pili ikaigeuza kuwa maandishi tena. Kila dakika ililipiwa. Shule yetu ililipa kwa fedha ileile iliyonunua chaki na madaftari. Basi uzito ule haukuwa udhia tu, bali ulikula mali ya watoto.

Modemu za kipimo cha V.90, kilichotolewa mwaka 1998, ziliweza kupokea hata biti 56,000 kwa sekunde, yaani baiti 7,000. Kwa mwendo huo picha ya baiti 1,000,000 hupita kwa muda usiotimia dakika 2 na nusu. Lakini kompyuta yetu ilionyesha biti 14,400 tu, na picha kama hiyo ilichukua zaidi ya dakika 9.

Wengine walisema, "Nunueni kompyuta mpya." Tuliona heri kutafuta kwanza, tena jambo moja moja, maana abadiliye mambo matatu kwa pamoja hajui ni lipi lililomfaa.

Kwanza tulisikiliza. Tuliweka simu sikioni pasipo kompyuta, tukasikia mkwaruzo kama wa mafuta yakaangayo samaki. Modemu ipatapo kelele hupunguza mwendo ili isikosee, kama mwalimu asomaye imla polepole darasa likiwa na makelele.

Pili, tuliondoa simu nyingine iliyoungwa katika waya uleule. Mkwaruzo ulipungua kidogo, lakini haukwisha.

Tatu, tuliufuata waya wenyewe. Chini ya dirisha, mahali pagongwapo na mvua, tulikuta kiungo kimeshika kutu. Fundi akakikata, akaunga upya. Mkwaruzo ukakoma, na kompyuta ikaonyesha 33,600. Dakika 9 zikawa 4, wala kompyuta mpya haikununuliwa.

Intaneti ya namna ile imekwisha karibu kila mahali; hata kampuni ya AOL ya Marekani, iliyojulikana sana kwa kazi hiyo, iliikomesha tarehe 30 Septemba 2025. Lakini kazi ya kutafuta ila haijakoma. Leo simu ya mkononi ikiwa nzito, msomaji na aulize kwa utaratibu: Je, ni simu hii tu, au na ya jirani pia? Ni mahali hapa tu, au na kwingineko? Ni saa hii tu, au kutwa? Maswali hayo hayana gharama, na mara nyingi humwokoa mtu asinunue kitu asichokihitaji.