Fundi, Hii Itafutika?

Nilianza nikiwa kinyozi Omurushaka, Karagwe, pale barabara ya Nkwenda na Kyerwa inapochepuka. Tatuu zilifuata baadaye, kwa mashine niliyoletewa na dereva wa lori kutoka Kampala. Kuchora nilikuzoea upesi. Kazi iliyokula miaka yangu ni kuongea, na sehemu kubwa ya kuongea ilikuwa kukataa hela za watu.

Biashara ilikwenda na kahawa. Msimu ukifunguka, vijana wa Kaisho na Isingiro walifika na noti mfukoni. Wengine hawakungoja mavuno: waliuza butura, kahawa ingali ua mtini, kwa bei ya kutupa, wakaja kuandikwa jina la mchumba. Mmoja nilimwambia, “Mdogo wangu, kahawa umeiuza haijaiva. Na mapenzi nayo je, yameiva?” Benchi zima likacheka. Yeye aliondoka amenuna.

Benchi hilo ndilo lilikuwa shule. Waliokwisha kuchorwa walishinda hapo wakiwapa wageni ushauri: mbavuni utalia, begani utavumilia. Rangi zilizua ubishi usiokwisha. Wino hukaa kwenye tabaka la pili la ngozi, ambako seli za mwili huumeza zikabaki nao, kwa hiyo mtu huutazama kupitia rangi ya ngozi yake mwenyewe. Kwetu sisi weusi njano hupotea, nyeusi hudumu. Nilishauri mistari minene na nafasi pana; vipicha vya nywele nywele huishia kuwa doa.

Kwenye sindano sikuwa na mzaha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na ninao wajomba ninaowajua kwa picha tu. Kila mteja alifunguliwa sindano mpya mbele ya macho yake, na wino uliosalia kwenye kikombe ulimwagwa. Jirani yangu wa duka aliniita mbadhirifu.

Siku moja mzee wa Bugene aliyekuja kunyolewa alivua shati bila kuombwa. Kifuani alikuwa na chale alizochanjwa utotoni kwa ajili ya kichomi, kwa wembe na masizi ya dawa.

“Nyinyi mnalipa kwa ugonjwa gani?”

“Mapenzi, mzee,” akajibu kijana wa bodaboda.

“Basi hiyo haina dawa.”

Nilimweleza kwamba masizi yake na wino wangu ni jambo lilelile, na kwamba mashine hii ya umeme ilisajiliwa na Samuel O'Reilly wa New York mwaka 1891, akiifuata kalamu ya umeme ya Edison. Mzee aliigeuzageuza. “Na umeme ukikatika?” Hapo alinipata, maana umeme wetu ulitoka Masaka, Uganda, na ulikatika ulivyotaka.

Ushauri uliochukiwa zaidi ulihusu ajira. Matangazo ya Jeshi la Polisi humtaka mwombaji asiwe na michoro mwilini, kwa hiyo kijana aliyemaliza kidato cha nne nilimuuliza kwanza kama anaota gwanda. Akisita, nilimnunulia soda akaenda zake. Wenzangu walinicheka. Mimi namwona mchoraji asiyeuliza hilo kuwa muuza wino tu.

Mtu akishachorwa, benchi lilimmiminia tiba: mafuta ya taa, dawa ya meno, mambo ya hatari matupu. Yangu yalikuwa machache. Sabuni na maji safi, usibandue gamba, usikate mikungu mpaka kidonda kifunge.

Kufuta sikuweza, nilichoweza ni kufunika. Jina la mtu hufunikika vizuri kwa jani la mgomba, kwa kuwa ni pana na linabeba weusi mwingi. Leo Karagwe na Kyerwa wapo akina mama na akina baba wenye majani ya mgomba mabegani, na wa benchini wakiwaona hawaulizi jani lilikuwa nani.