Mkopo wa Serikali, Mkopo wa Benki: Neno kwa Wazazi wa Same

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, ndugu zangu wa Same hunipigia simu na swali lilelile: huko Marekani si serikali inakopesha wanafunzi, sasa kwa nini mtoto asije akakope hukohuko? Swali ni la haki, na jibu lake linahitaji nafasi kubwa kuliko ya simu. Marekani ina mikopo ya wanafunzi ya namna mbili, na anayeichanganya anaweza kuliingiza shamba la ukoo kwenye deni la dola.

Mkopo wa kwanza ni wa serikali kuu, unaotolewa na Wizara ya Elimu. Tangu Julai 2010 benki zimeondolewa kabisa kwenye mikopo mipya ya aina hii. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza haombwi dhamana wala mdhamini; anajaza fomu iitwayo FAFSA. Riba inapangwa kwa kanuni iliyo ndani ya sheria na haipandi mpaka deni liishe: mkopo wa shahada ya kwanza wa mwaka wa masomo 2025/26 una riba ya asilimia 6.39. Kipato kikiyumba, mkopaji anaweza kuomba malipo ya mwezi yapimwe kwa kipato chake. Akifariki, deni linafutwa.

Lakini mlango huo haufunguki kwa kijana anayetoka Same na viza ya mwanafunzi. Mkopo wa serikali kuu ni wa raia, wa wenye kadi ya kijani na wa makundi machache mengine kama wakimbizi. Hata hao wanaostahili hawapati kila wanachohitaji: anayetegemea wazazi anaishia dola 5,500 mwaka wa kwanza, na ada ya vyuo vingi inazidi hapo mara kadhaa. Na kuanzia Julai 2026 mkopo wa serikali uliokuwa ukiziba pengo lote la wanafunzi wa shahada za uzamili haupokei tena wakopaji wapya. Kwa wengi, anayebaki mlangoni ni benki.

Mkopo wa benki binafsi ni biashara. Benki inaangalia historia yako ya kulipa madeni, na kijana aliyetua juzi hana historia hiyo, kwa hiyo nyingi zinataka mdhamini raia au mkazi wa kudumu. Hapo ndipo simu zinapotufikia sisi tulio huku Marekani. Riba inaweza kuwa ya kupanda na kushuka kufuata soko. Ukikosa kazi, benki hailazimiki kupima malipo kwa kipato chako. Inakupa tu ile nafuu iliyoandikwa kwenye mkataba. Mkopaji akishindwa, mdhamini anadaiwa kana kwamba alisoma yeye. Nimeona undugu wa miaka mingi ukivunjika kwa saini moja ya namna hiyo, na aliyetia saini alidhani anaandika barua ya utambulisho.

Nyumbani Tanzania tuna Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Nasema bila kusita: katika jambo moja Bodi yetu ni bora kuliko serikali ya Marekani. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na tangu hapo deni halinenepi mtu akiwa amelala. Mmarekani anayelipa kidogo kidogo anaweza kujikuta baada ya miaka kumi anadaiwa zaidi ya alichokopa.

Jambo la pili ndilo linaloniuma. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mwajiriwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara, na yakawakuta hata watu waliokopa wakijua ni 8. Mwalimu wa shahada mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anakatwa 120,000 kabla hajala wala hajatuma kitu kijijini. Marekani serikali nayo ina asilimia 15 yake: ndicho kiwango cha juu inachoweza kukata kwenye mshahara, bila kwenda mahakamani, kwa mtu aliyeacha kulipa mkopo wake. Kule ni hatua ya mwisho kwa aliyeshindwa. Kwetu ni makato ya kawaida ya mlipaji mwaminifu.

Sisi watu wa Upare, Same tukiwamo, hatupaswi kulinyamazia jambo hili. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu walishuka milimani hadi Same kupinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa kwa njia wasiyoiona. Baadaye wanawake nao waliingia, na utawala wa Mwingereza ukalazimika kuiacha kodi hiyo.

Kwa hiyo ninapotaka makato ya Bodi yafuate kipato, mwenye mshahara mdogo akatwe asilimia ndogo na mwenye mkubwa akatwe kubwa zaidi, nataka pia vipimo viwekwe wazi kila mtu avione. Na vivyo hivyo katika kupanga nani apate mkopo: mzazi anayelima tangawizi Mamba Miamba hana hati ya mshahara, na bei anayouzia msimu huu siyo ya msimu ujao. Anayempima lazima aijue hali hiyo.

Nje ya Bodi, mzazi wa kawaida ana njia chache. Mwaka 2022 benki ya NMB ilitangaza mikopo ya elimu kwa riba ya asilimia 9, ila ililenga wenye mshahara. Mkulima anabaki na SACCOS, VICOBA, au mikopo ya mtaani ya riba kali iitwayo kausha damu. Hii ya mwisho msiiguse kwa ada ya shule. Mtoto akisubiri mwaka mmoja hapotezi kitu kikubwa kama shamba.

Wazazi wangu wa Same, mwambieni mtoto aombe kwanza Bodi, mapema, vyeti vya kuzaliwa vikiwa vimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili. Akipata chuo cha nje, kiulizeni chuo chenyewe kinatoa ufadhili gani kabla hamjataja benki. Na mkiniomba nimdhamini, nitumieni mkataba wote kabla ya siku ya saini. Nitausoma, na nikikataa nitawaeleza sababu.