Fungu la Wifi Yetu: Safari ya Kharumwa hadi Beit al-Sahel



Tunaandika wawili. Tumeolewa na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, na tunaishi Kharumwa, Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita. Mmoja wetu kazaliwa Ng'ambo, Unguja, mwingine Kahama. Wanaotujua hucheka kwamba hata tukituma ujumbe wa simu tunaandika "sisi". Basi na hapa tutasema hivyo hivyo, kwa sababu tuliyoyaona tuliyaona pamoja, na aibu yake tuliibeba pamoja.

Mwaka 2019 wifi yetu, kitinda mimba wa nyumba, aliposwa. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama mkwe kwa Kisukuma, akasema mtoto apelekwe Unguja akanunuliwe vitu vyake na akakae na somo siku chache. Tukafurahi sana, tuseme kweli, kwa ajili yetu kuliko kwa ajili yake. Tukatoka Kharumwa na gari la alfajiri, vumbi hadi kwenye kope, Kahama tukapanda basi la Dar es Salaam, na kesho yake tukavuka kwa boti. Wifi hakuwa ameona bahari. Alikaa dirishani akashika tasbihi mpaka Malindi.

Mambo ya manunuzi tutayapitia haraka kwani mnayajua: kanga za kisutu, udi, hina, singo, mafuta ya mwili, vikuba vya kuagizia siku yenyewe. Darajani na Mchangani miguu iliwaka moto. Siku ya nne wifi akasema amechoka na maduka, anataka kuona nyumba ya wafalme. Yule mzaliwa wa Unguja kati yetu alikuwa hajaingia humo tangu safari ya shule. Ndivyo tulivyo, watu wa mahali.

Tulilipia mtembezaji wetu peke yetu. Kama mnaweza, tunawashauri mfanye hivyo. Hamsukumwi na kundi la watalii, mkitaka kukaa chumba kimoja nusu saa mnakaa, na adhana ikilia mnaondoka mkaswali mkarudi. Aliyetutembeza alikuwa mama mtu mzima, buibui jeusi, sauti ya chini. "Shikamoo bi." "Marahaba wanangu. Bibi harusi ni yupi?" Tukamuuliza kajuaje. Akasema hina.

Jumba lenyewe lipo Mizingani, jeupe, linatazama bahari, jirani ya Beit al-Ajaib. Beit al-Sahel maana yake nyumba ya pwani. Lililojengwa kwanza, zama za Seyyid Said, silo hili. Lile lilipigwa mizinga na manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, pale Khalid bin Barghash alipokalia kiti bila ridhaa yao. Vita yote haikufika saa nzima. Beit al-Hukm, iliyokuwa katikati, haikujengwa tena. Beit al-Sahel ikajengwa upya, familia ya kifalme ikakaa humo hadi Mapinduzi ya 1964, na tangu 1994 ni makumbusho. Beit al-Ajaib tuliitazama kwa nje tu, ilikuwa imefungwa. Desemba ya mwaka uliofuata sehemu kubwa yake ilianguka na watu wawili wakafa, Mwenyezi Mungu awarehemu. Hatukujua kuwa tulikuwa tunaiaga.

Bi akatuonesha kwa mkono hewani, pale palipokuwa na vivukio vya juu vilivyounganisha majumba. Wanawake wa kifalme walipita huko kutoka nyumba hadi nyumba, bila kushuka njiani na bila kuonwa. Wifi akasema, kwetu mtu akitaka asionwe anapita kwenye mtama. Bi alicheka mpaka akajishika ukuta.

Ghorofa za juu zina mali za wafalme wa baadaye: picha kubwa za ukutani, meza ndefu ya chakula, viti vya kuchonga, na vyumba vya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Wakeze, Seyyida Matuka na Seyyida Nunu, kila mmoja ana chumba na ladha yake ya samani. Hapo tulisimama kama wanawake wanavyosimama, tukasema kabati hili ningelichukua, kitanda kile hapana, nani atafagia chini yake. Tuliona pia fanicha za miaka ya hamsini zilizotukumbusha sebule za bibi zetu.

Lakini chumba kilichotukalisha kilikuwa cha Sayyida Salme.

Mabibi harusi wengi mnamjua kwa jina la "binti mfalme aliyetoroka na Mjerumani". Sisi pia tulimjua hivyo na tukaishia hapo. Bi hakuanza na Mjerumani. Alianza na kalamu. Salme alizaliwa 1844 kwenye jumba la Mtoni, mama yake Jilfidan, mmoja wa masuria wa Seyyid Said. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Qur'ani, kuandika hawakufundishwa. Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, Salme alikuwa na miaka 12, akapewa fungu lake la mirathi, shamba na fedha. Miaka mitatu baadaye mama yake akafa kwa kipindupindu. Mwaka huo huo kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, Salme ndiye aliyewaandikia barua, maana alijua kuandika. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na binti wa miaka 15 akabaki amegombana na nusu ya ndugu zake.

Mwaka 1866 akaondoka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden akiwa na mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. 1867 akabatizwa, akaolewa. Miaka mitatu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu. Akabaki ugenini na watoto watatu wadogo, lugha si yake, baridi si yake.

Bi alipofika hapo alinyamaza akatutazama. Tulijua anapima tutasema nini. Sisi ni Waislamu na hilo la kuiacha dini lilituuma, hatutajifanya halikutuuma. Mmoja wetu alisema astaghfirullah kwa sauti. Bi akasema, "Mimi namuombea nani? Amri yake iko kwa Mola. Nawasimulia tu." Tukanyamaza.

Akaendelea. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja na manowari za Kijerumani, akidai haki yake ya mirathi. Waliokuwa wamefariki nyuma yake walikuwa ndugu zake, na mfalme wakati huo alikuwa Barghash, yule yule aliyemwandikia barua. Barghash hakumpokea. Alirudi tena 1888, kiti kikiwa kimeshikwa na ndugu mwingine, ikawa vile vile. Kati ya safari hizo mbili, mwaka 1886, alichapisha kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Alifariki Jena mwaka 1924. Bi alisema katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao.

Wajerumani walikuwa na mambo yao, Bi alisema. Madai ya mwanamke mmoja yaliwafaa kama fimbo ya kumtishia Sultani, na walipokwisha kupata walichotaka hawakumkumbuka. Na kisheria kuna mjadala, kwani aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu. "Lakini lile fungu la baba yake," Bi akasema, "alilipata akiwa Mwislamu, tena alipewa mkononi. Hata ufalme wenye watoto 36 uligawa."

Hapo ndipo wifi yetu, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Bi, mtoto wa kike alipewa ngapi?"

"Nusu ya kaka yake. Kama ilivyo katika Suratun Nisaa."

"Alipewa kweli? Hakuambiwa asubiri?"

"Alipewa, mwanangu."

Wifi akasema, "Wabeja," kisha akaenda kusimama dirishani.

Dada zetu, sisi wawili hatukutazamana. Baba mkwe alifariki mwaka 2015. Aliacha ng'ombe 40, nyumba, na kiwanja karibu na soko. Aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Waume zetu walisema mali isigawanywe, itunzwe pamoja, na kwa mila za kule hakuna aliyeshangaa. Binti ataolewa, atakula kwa mumewe. Baadaye ng'ombe kumi waliuzwa likanunuliwa karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Karasha lile ndilo lililotulipia nauli ya basi na boti. Bangili tulizovaa siku ile ndani ya jumba la kifalme zilitoka kwenye karasha. Na yule mtoto tulimleta Unguja kama tunaomfanyia hisani.

Tulitoka tukapita kwenye makaburi ya kifalme pembeni ya jumba, alipolala Seyyid Said, na Barghash pia. Wifi akasoma Fatiha. Tulipokaa Forodhani na urojo wetu ndipo alipozungumza, taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"Mawifi zangu, mimi sigombani. Lakini mahari yangu wamesema ng'ombe 12. Wataingia zizini kwa kaka zangu. Na wa kwangu 7 hawajatoka zizini. Naomba mniambie nimekosea hesabu wapi."

Hakukosea. Tuliirudia hesabu usiku ule juu ya karatasi ya kufungia halua, na nyinyi irudieni: mjane thumni ya 40, ni 5. Wanabaki 35. Kila mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, jumla mafungu matano, kila fungu 7. Kaka mmoja 14, kaka wa pili 14, binti 7. Madeni ya marehemu yalikwisha lipwa, wasiya hakuacha. Hesabu ya darasa la nne, na ilitushinda miaka minne.

Na mahari nayo, aya ya 4 ya sura ile ile inasema wapewe wanawake wenyewe. Tunalijua hilo, tunalisema kwenye kila mhadhara wa harusi tukiwa tumekaa mkekani na marashi.

Kurudi Kharumwa tulikubaliana kila mmoja azungumze na wake, usiku mmoja, baada ya Isha, ili wasipate nafasi ya kupanga jibu. Mmoja wa waume zetu (hatutasema yupi, maana wanasoma hapa) alikaa kimya kisha akasema alikuwa akisubiri mtu amuulize. Mwingine alikasirika. Alisema Unguja imetuharibu, tumekwenda kununua udi tumerudi na kesi. Wiki tatu alikula bila kusema. Mwenye mume huyo alipika kila siku kama kawaida, akaweka chakula, akasema bismillah, basi. Mayu alipopata habari alishangaza watu wote. Alisema yeye naye hajapewa wake watano.

Shekhe wa msikiti aliitwa. Hakutoa hotuba, alileta kalamu. Wazee wa ukoo wakaja pia na hoja zao za mila, na baadhi hazikuwa za kijinga: ng'ombe wamelishwa na nani miaka minne, aliyeumwa katibiwa kwa fedha ya nani. Gharama hizo zikahesabiwa zikakatwa. Siku mbili kabla ya nikahi wifi alitengewa mitamba sita na fahali mmoja, na Mayu wake watano. Wifi aliwaacha kwa mama yake, akauza wawili akanunua cherehani ya umeme na mzigo wa vitambaa. Ile mahari, wajomba walivutana hadi jioni. Mwisho ng'ombe 8 walitajwa mbele ya mashahidi kuwa mali ya bibi harusi, na wanne wakaitwa zawadi ya wazee. Shekhe alikunja uso lakini aliandika.

Siku ya harusi wifi alivaa kisutu chake na vikuba vilivyokuja na basi ndani ya barafu, nusu vimenyauka, vikinukia bado. Somo wake alipiga simu kutoka Unguja akaimba kwenye spika. Bi wa Beit al-Sahel tulimtumia picha. Akajibu kwa sauti, akimuombea kheri na kizazi chema, akauliza, "Na lile jambo?"

Lile jambo, bi, kiwanja cha sokoni kiliandikwa majina ya wote wanne. Karasha bado. Linasaga, fedha inaingia, na kila tukiuliza tunaambiwa tusubiri mpunga uvunwe.